FP4 au HP5: mkanda gani wa kushuka nao ufukweni Tanga

Muulize yeyote anayepiga filamu nyeusi na nyeupe uanze na mkanda gani, atakwambia HP5. Hakosei. HP5 inasamehe makosa, inapatikana, na imewafundisha watu wengi kazi. Lakini wengi wa wanaotoa ushauri huo wanaishi kwenye nchi za mawingu. Sisi tunaposhuka Raskazone saa tano asubuhi, maji yamejaa na upepo umetulia, bahari inaturudishia jua usoni kama bati jipya. Hapo ushauri wao unataka kupimwa upya.

Nazipambanisha filamu mbili za nyumba moja. FP4 Plus ina kasi, yaani wepesi wa kunasa mwanga, ya ISO 125, HP5 Plus ina ISO 400. Zote ni za Ilford, zinatengenezwa Mobberley huko Uingereza, zote zipo za milimita 35 na za 120, ule mkanda mpana, na bei zake zinakaribiana kiasi kwamba mfuko hauwezi kukuamulia. Kinachoamua ni saa unayotoka nyumbani na kamera uliyonayo.

Yangu ni Zenit-E, niliachiwa na mjomba. Ni kamera ya Kisovieti, nzito kama tofali, na pazia lake, ambalo wenyewe tunaliita shata, halipiti kasi ya 1/500 ya sekunde. Lenzi yake ni Helios 44-2 ya milimita 58, na tundu lake dogo kabisa la kupitisha mwanga ni f/16 (namba ikikua, tundu linapungua). Shika namba hizo mbili, 1/500 na f/16, kwa sababu ndizo zinazoibana HP5 mchana wa Tanga.

Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema hivi: jua likiwa kali, weka f/16, na shata iwe sawa na kasi ya filamu. Kwa FP4 ni 1/125. Kwa HP5 ni 1/400, ambayo kwenye kamera za zamani unaisogeza hadi 1/500. Hiyo ni kwa mitaani, Ngamiani huko, kwenye kuta na barabara. Ukifika kwenye mchanga mweupe au maji yanayong'aa, mwanga unaongezeka kama hatua moja, yaani mara mbili, na kanuni inakupeleka f/22. Ukiziweka bega kwa bega zinakuwa hivi:

| Hali ya mwanga | FP4 Plus | HP5 Plus |
|---|---|---|
| Jua la saa sita, maji yanang'aa mbele yako | 1/500, f/11 | 1/500, f/22 |
| Jua kali, mtaani au umeipa bahari mgongo | 1/500, f/8 | 1/500, f/16 |
| Mawingu mazito ya masika | 1/125, f/5.6 | 1/500, f/5.6 |
| Chini ya kivuli kilicho wazi | 1/125, f/4 | 1/500, f/4 |
| Jua limeshazama, mwanga bado upo | karibu 1/30, f/4 | karibu 1/125, f/4 |

Ugomvi wote uko kwenye mstari wa kwanza. HP5 inadai f/22, na Helios haina f/22. Shata nayo imefika mwisho. Huna pa kwenda. Isitoshe, shata ya kamera yenye umri wa miaka 50 mara nyingi imechoka: pale palipoandikwa 1/500 huenda inafanya 1/300 tu, kwa hiyo mwanga unaoingia ni mwingi kuliko unavyodhani.

Tuwe wakweli: HP5 ikizidishiwa mwanga hatua moja au mbili haifi. Utapata negativu nene (negativu ni filamu iliyosafishwa, penye mwanga panakuwa peusi), lakini picha itatoka. Hasara iko kwingine. Kwanza, ukibanwa f/16 kutwa nzima, kila kitu kinaonekana wazi kwa pamoja: mvuvi, ngalawa yake, na winchi za bandari nyuma ya kichwa chake. Huwezi kumtenga mtu na mandhari yake. Pili, tundu dogo namna hiyo linapunguza makali ya lenzi yenyewe, kwa sababu mwanga ukipita kwenye kitobo kidogo unatawanyika. Umeenda na lenzi nzuri, unaitumia kwenye kiwango chake kibaya. FP4 inakuachia f/8 na f/11, na hapo Helios inakata kama wembe.

Mkanda wangu wa kwanza wa HP5 ulinifundisha haya kwa njia ngumu. Zenit-E ina kipima mwanga juu ya lenzi, kile cha vioo vya seleniamu kisichotumia betri. Seleniamu ikizeeka inachoka, na ikichoka inakwambia mwanga ni mdogo kuliko ulivyo. Mimi nikaiamini. Nikapiga mkanda mzima kuanzia Raskazone hadi Bustani ya Jamhuri, natembea na f/8. Nilipousafisha, negativu zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Nilimpelekea mzee mmoja aliyekuwa na studio zamani, akazinyanyua dirishani, akaguna. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nimekosea wapi?" Akajibu marahaba, halafu akasema, "Mwanangu, umepiga kioo ukadhani unapiga ukuta." Katika picha zile bahari na mbingu zimeungana zikawa weupe mmoja, na ngalawa imening'inia katikati kama iko angani. Kuna mtu aliipenda moja akadhani nimefanya makusudi. Sikumkatalia.

Tangu hapo kipima mwanga cha Zenit ni pambo. Natumia kanuni ya f/16 au programu ya simu.

Watetezi wa HP5 wana jibu moja zuri, na linanipa tabu kulipinga: chujio la rangi ya chungwa, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi. Chujio hilo linakula karibu hatua mbili za mwanga, kwa hiyo HP5 inajifanya filamu ya ISO 100 hivi. Tatizo la shata linakwisha, na juu ya hapo unapata faida. Mbingu ya buluu inakuwa nzito, mawingu yanajitokeza, maji yanashuka kuwa kijivu cha giza, na ngozi zetu za kahawia zinapata mwanga kidogo kwa sababu zinarudisha wekundu zaidi kuliko ubuluu. Mvuvi aliyesimama mbele ya bahari anaachana na maji nyuma yake. Kwa picha ya mtu mchana ufukweni, chungwa ni rafiki. Chujio jekundu linakula hatua tatu na linatia chumvi mno. Bahari inakuwa wino na Kisiwa cha Toten kinageuka doa jeusi lisilo na jani wala mti. Njano linakula hatua moja tu na halikosei kamwe. Helios 44-2 inachukua chujio la milimita 49, sawa na lenzi nyingi za Pentax za zamani, kwa hiyo ukilipata moja utaazimana na wenzako.

Ila kuna mtego. Kamera kama Pentax K1000 inapima mwanga kupitia lenzi, basi chujio likiwekwa kipimo chake kinalihesabu. Zenit-E inapimia nje. Haijui kama umeweka chujio. Ukisahau kuhesabu, umepoteza hatua mbili, na kumnyima mwanga mtu mweusi aliyesimama kwenye jua ni kosa lisilorekebishika. Uso unabaki tundu.

Tukiwa kwenye nyuso, hapa ndipo FP4 inapotaka adabu. FP4 inakaza zaidi: weusi unakuwa weusi, weupe unakuwa weupe. HP5 inalainisha. Jua la Tanga lenyewe tayari linakaza. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa, na saa sita na nusu mchana macho ya mtu yanazama kwenye mashimo ya kivuli. Mweke hapo mzee wa kanzu nyeupe anayetoka swala ya Ijumaa, na una pande mbili zisizokaa pamoja. Dawa ya FP4 ni ya zamani: ipige kama ni ISO 64 badala ya 125, kisha punguza muda wa kusafisha kwa kama moja ya tano. Kivuli kinapata mwanga wa kutosha, kanzu haiungui. Pima usoni, usipime kwenye kanzu. Ubaya wake ni kwamba mkanda mzima lazima uwe umepigwa hivyo. Ukichanganya picha za jua kali na za machweo kwenye mkanda mmoja, moja ya pande hizo italia.

Asiyetaka hesabu hizo ana njia nyepesi, nayo haitegemei filamu: mwombe mtu asogee chini ya mti. Hakuna uso uliowahi kuharibiwa na kivuli cha mwembe.

Sasa alfajiri. Nenda ufukwe wa Deep Sea mashua zinaporudi, au Sahare, kabla jua halijainuka vizuri. Watu wanabeba matenga, wengine wanaita bei, maji yapo magotini, hakuna anayesimama kukungoja. FP4 hapo ni mzigo. Kwa f/4 itakutaka 1/30, na kwa 1/30 hata mkono wako ukitulia, mpagazi hatulii. Unapata mizuka. HP5 kwa mwanga uleule inakupa 1/125, na ukiamua kuisukuma kuwa ISO 800 inakupa 1/250. Kuisukuma maana yake unaidanganya kamera kwamba filamu ina kasi zaidi, kisha unalipa deni kwa kuisafisha muda mrefu zaidi. HP5 inavumilia 800 bila kelele, na 1600 inavumilia ikilalamika: chembe, zile punje zinazoonekana kwenye picha, zinakuwa kubwa, vivuli vinafunga. Kwa soko la samaki chembe hazinisumbui. Magamba, matone na moshi wa dagaa vinapendeza vikiwa na ukali kidogo.

Maji yakitoka ni habari nyingine. Siku za bamvua bahari ya Tanga inarudi nyuma mbali, na kinachobaki ni mchanga wenye mistari, vidimbwi, mizizi ya mikoko, na akina mama kwa mbali wanaotanda uduvi kwa kanga. Hapo niachie FP4 yangu. Chembe zake ni ndogo, na kila mstari wa mchanga unasomeka. Nimewahi kupiga sehemu ileile kwa filamu zote mbili siku moja, saa mbili asubuhi jua likiwa bado pembeni. Kwenye skrini ya simu huoni tofauti. Kwenye karatasi ya ukubwa wa kalenda, HP5 ilikuwa na mchanga juu ya mchanga. Basi kama picha zako zinaishia kwenye simu, usiniamini sana kuhusu chembe. Chagua kwa kasi tu. Na kama unapiga 120, negativu ni kubwa kiasi kwamba HP5 nayo inatoka laini, ila picha zako ni 12 tu za mraba na si 36.

Bustani ya Jamhuri inanipa shida ya aina yake. Inatazama ghuba upande wa kaskazini. Juni na Julai jua nalo liko kaskazini, kwa hiyo mchana linakutazama usoni kutoka juu ya maji. Desemba na Januari liko upande wa kusini, nyuma yako, na ghuba yote inaonekana imepakwa rangi. Ukija miezi ya kusi, njoo asubuhi au jioni mwanga ukitoka pembeni; ukija miezi ya kaskazi, saa yoyote inafaa kwa FP4, kama wewe mwenyewe unaliweza joto. Chunga jambo moja: bandari iko pale pale karibu. Usielekeze lenzi kwenye maeneo ya bandari au ya ulinzi bila kuuliza.

Machweo ya Tanga hayatokei baharini, wageni wengi wanalisahau hilo. Jua linazama bara. Utakachopata juu ya maji ni mwanga uliobaki, laini, wa dakika ishirini hivi. Ukiwa na kitatu cha kusimamishia kamera, filamu zote zinafaa. Kipimo kikikwambia sekunde 10, FP4 inahitaji kama 18 na HP5 kama 20, kwa sababu filamu inachoka kupokea mwanga ikifunguliwa muda mrefu. Tofauti ya sekunde mbili si ya kugombania. Bila kitatu, HP5, hakuna mjadala.

Nyumbani ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na si kosa la filamu. Vitabu vinapanga muda wa kusafisha kwa maji ya nyuzi 20. Maji ya bomba Tanga hayajawahi kuisikia nyuzi 20. HP5 kwenye dawa ya ID-11 isiyochanganywa na maji ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Ukiifanya kwa nyuzi 27 muda unashuka karibu nusu, na ukishuka chini ya dakika 5 filamu inatoka na mabaka, maana dawa haipati muda wa kufanya kazi sawasawa. Njia ni kuichanganya dawa nusu kwa nusu na maji. Hapo HP5 ni dakika 13 kwa nyuzi 20, FP4 ni 11. Mimi nanunua barafu za mfuko, zile zile za wauza samaki, naziweka kwenye ndoo ya maji, chupa za dawa zinakaa ndani ya ndoo mpaka zifike nyuzi 24. Barafu isiingie kwenye dawa. Kwa nyuzi 24 HP5 inachukua kama dakika 9 na FP4 kama 7 na nusu. Zote ziko salama, lakini HP5 ina nafasi zaidi ya kupumua, na siku umeme umekatika, barafu imeyeyuka na maji yamepanda, nafasi hiyo utaikumbuka. ID-11 ni unga, inasafirishika bila kumwagika. D-76 ya Kodak ni ndugu yake, tumia yoyote.

Joto na unyevu vinazishambulia zote mbili kabla hujazipiga, ila filamu ya kasi ndiyo inayoanza kuharibika. Hifadhi kwenye friji, ndani ya kopo lake lililofungwa. Ukiitoa usiifungue papo hapo. Iache saa moja au mbili kwanza, la sivyo unyevu wa Tanga utajikusanya juu yake kama jasho la chupa ya soda. Na kama unaagiza kwa ndugu anayekuja kwa ndege, mwambie asiiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Mashine za kukagua mizigo mikubwa zinaunguza filamu, na ISO 400 inaungua kabla ya 125. Abebe mkononi, aombe ikaguliwe kwa mkono.

Filamu nyingine kwa kupita tu. Tri-X ya Kodak, ambayo imekuwepo kwa milimita 35 tangu 1954, ni ISO 400 pia na inakaza kuliko HP5. Ni nzuri, ila mchana inakutia kwenye shida ile ile ya shata. Kentmere inatoka kiwanda kile kile cha FP4 na HP5 na bei yake ni nafuu, lakini kwenye maji yanayometameta kila mmeto unapata ukungu kidogo kuuzunguka. Fomapan 400 ipige kama ISO 200, itakushukuru.

Kwa hiyo, mwenye Zenit au kamera yoyote inayoishia 1/500 na anayetembea mchana: FP4, na chujio la njano mfukoni. Mwenye kamera ya 1/1000 kama K1000 ana uhuru kidogo, lakini mchana bado ningempa FP4. Anayependa watu kuliko mandhari, sokoni, mashuani, barazani jioni: HP5. Mgeni, wale tunaowaita waja leo waondoka leo, mwenye mkanda mmoja na siku moja kuanzia alfajiri hadi usiku: HP5 na chujio la chungwa, aliweke saa tatu asubuhi na kulitoa saa kumi na moja jioni.

Mimi Jumamosi natoka na zote, na kamera moja. Picha za mchana zikiisha kabla ya mkanda, naandika namba ya picha niliyofikia kwa kalamu juu ya kopo, narudisha mkanda taratibu sikio likiwa kwenye kamera. Ukisikia umeachia kule mwisho, acha kuzungusha, ulimi wa filamu unabaki nje. Naweka HP5. Wiki ijayo narudisha FP4 ile, nafunika lenzi, naweka 1/500 na f/16, napiga hewa mpaka ifike namba iliyoandikwa, naongeza mbili za tahadhari, naendelea.